Nani Alipaswa Kuuliza? Historia ya Wajibu wa Kufichua katika Mashauri ya Bima na Urithi Wake Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya kanuni moja ya sheria ya bima: wajibu wa mkata bima kumfichulia mtoa bima mambo yote ya msingi kabla ya mkataba kufungwa. Inafuatilia kanuni hiyo kuanzia hukumu ya London ya 1766, kupitia sheria ya Uingereza ya 1906 na hukumu za miaka ya 1920, hadi ilipopokelewa katika nchi za Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba kanuni iliyorithiwa si ile iliyozaliwa 1766. Ile ya kwanza iliwabebesha wajibu pande zote mbili. Iliyotufikia ilikuwa imekwisha kuelemea upande mmoja. Uingereza imeirekebisha kanuni hiyo kwa sheria za 2012 na 2015. Makala inahitimisha kwa kupendekeza kwamba mahakama na wabunge wa ukanda huu wana msingi wa kihistoria na wa kisheria wa kufanya marekebisho yao wenyewe, na kwamba lugha ya fomu za bima ni sehemu ya suala hilo.

1.0 Utangulizi

Neno bima lilitufikia kwa njia ya bahari. Asili yake ni Kiajemi; likapita katika lugha za Bara Hindi, kisha likashuka katika bandari za pwani yetu pamoja na wafanyabiashara waliolitumia. Sheria inayoamua magomvi ya bima katika mahakama zetu haikupita njia hiyo. Katika Kenya, Uganda na Tanzania ilitoka London. Katika Rwanda, Burundi na Kongo ilitoka Brussels. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Afrika Mashariki hutaja kinga yake kwa neno la Bahari ya Hindi, lakini siku ya hasara hupimwa kwa mizani iliyotengenezwa Ulaya.

Mizani hiyo huonekana zaidi pale dai linapokataliwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye duka la vitambaa anakata bima ya moto. Wakala anamjazia fomu, naye anatia saini. Miaka minne baadaye duka linaungua kwa hitilafu ya umeme. Kampuni inachunguza na kugundua kwamba mwenye duka aliwahi kupata hasara ndogo ya moto katika duka lake la zamani, jambo ambalo halikuandikwa kwenye fomu. Hasara hiyo haina uhusiano wowote na umeme wa duka jipya. Hata hivyo, kwa kanuni ya kale ya sheria ya Uingereza, mahakama ikiridhika kwamba jambo hilo lilikuwa la msingi na kwamba liliathiri uamuzi wa kampuni, mkataba wote huweza kuhesabiwa batili toka mwanzo. Mwenye duka hapungukiwi fidia, anaikosa yote.

Wanasheria wa makampuni huieleza kanuni hii kana kwamba imekuwapo tangu bima ilipoanza. Historia inaonyesha vingine. Swali linaloongoza makala hii ni jepesi kulitamka: kati ya anayeomba kinga na anayeuza kinga, nani alipaswa kuuliza?

2.0 Gavana, ngome na mtoa bima: hukumu ya 1766

Chimbuko la kanuni hii hutajwa kuwa ni shauri la Carter dhidi ya Boehm, lililoamuliwa na Mahakama ya King's Bench mwaka 1766 chini ya Jaji Mkuu Lord Mansfield. Mambo yenyewe yalitokea upande wa pili wa Bahari ya Hindi. George Carter alikuwa gavana wa Fort Marlborough, ngome ya Kampuni ya Uingereza ya Uhindi Mashariki huko Bencoolen, katika kisiwa cha Sumatra. Kupitia ndugu yake Roger aliyekuwa London, alikata bima ya mwaka mmoja, kuanzia 16 Oktoba 1759, dhidi ya hatari ya ngome hiyo kutekwa na adui kutoka nje. Mtoa bima aliitwa Charles Boehm.

Mnamo Aprili 1760 kikosi cha Kifaransa kilichoongozwa na Comte d'Estaing kiliiteka ngome. Boehm alikuwa ametia saini mkataba tarehe 9 Mei 1760, wakati habari za kutekwa zilikuwa bado hazijavuka bahari. Madai yalipofika, alikataa kulipa. Alisema gavana alificha mambo mawili: kwanza, kwamba ngome ilikuwa dhaifu, isiyoweza kuhimili shambulio la jeshi la Ulaya, pili, kwamba kulikuwa na dalili za Wafaransa kuikusudia.

Mansfield alianza kwa kukubali msingi wa hoja hiyo. Bima ni mkataba wa kubahatisha, na mara nyingi mambo ya kupimia bahati hiyo yamo katika ujuzi wa mkata bima peke yake. Mtoa bima humwamini. Akifichwa jambo, hatari aliyoibeba siyo ile aliyodhani anaibeba. Hadi hapo, maneno yake ndiyo yanayonukuliwa katika utetezi wa makampuni hadi leo.

Lakini hukumu haikuishia hapo, na jambo ambalo husahaulika ni kwamba mtoa bima alishindwa. Mahakama ilisema Boehm alijua kwamba anayekatiwa bima ni gavana mwenyewe. Alijua vita vinaendelea. Kuhusu hatari ya kushambuliwa, mtu wa London mwaka 1760 alikuwa na nafasi nzuri ya kupima mwenendo wa vita kuliko gavana aliyeko Sumatra. Hali ya ngome ingeweza kuulizwa. Boehm hakuuliza, alipokea malipo, akanyamaza, kisha baada ya hasara akataka kuutumia ukimya ule kujikinga. Mansfield aliona kwamba kumruhusu kufanya hivyo ni kuigeuza kanuni ya kuzuia udanganyifu iwe chombo cha udanganyifu.

Mambo matatu yanajitokeza katika hukumu hiyo. La kwanza, wajibu wa nia njema ulikuwa wa pande zote: Mansfield alitoa mfano wa mtoa bima anayekatia bima meli ilhali anajua kwa siri kwamba imekwisha kufika salama, akasema mkataba wa namna hiyo nao hausimami. La pili, mkata bima hakulazimika kusema yale ambayo mtoa bima anayajua, anapaswa kuyajua, au amechagua kutoyauliza. La tatu, kusudio la kanuni lilikuwa kuzuia hila, si kuadhibu usahaulifu.

3.0 Upande wa giza: masharti na meli

Haitakuwa haki kumchora Mansfield kama mtetezi wa wakata bima. Miaka ishirini baadaye, katika De Hahn dhidi ya Hartley (1786), mahakama yake iliweka kanuni kali kuhusu masharti thabiti ya mkataba. Mkataba ulisema meli imeondoka Liverpool ikiwa na mabaharia 50 au zaidi. Kumbe iliondoka na 46, ikaongeza sita saa chache baadaye huko Beaumaris, pwani ya Wales. Meli ilitekwa baadaye kabisa, kwa sababu isiyohusiana na upungufu ule wa saa chache. Mtoa bima hakulazimika kulipa. Sharti, ilisemwa, hutimizwa neno kwa neno; kama ni la maana au si la maana, hilo haliulizwi.

Safari ya meli hiyo ilikuwa ya kutoka Liverpool kuja Afrika na kwenda visiwa vya Karibi. Msomaji wa Kiafrika hawezi kulipita jambo hilo kimya. Sehemu ya sheria ya bima tuliyorithi ilifinyangwa katika mashauri ya biashara ya watumwa, na shauri linalojulikana zaidi ni lile la meli ya Zong, Gregson dhidi ya Gilbert, la 1783. Mwishoni mwa 1781 nahodha na mabaharia wa Zong, baada ya kukosea njia ya kwenda Jamaika, waliwatupa baharini Waafrika zaidi ya 120 wakiwa hai, kwa madai kwamba maji ya kunywa yalikuwa yanakwisha. Wamiliki wa Liverpool walidai fidia ya paundi 30 kwa kila mtu. Juri iliwapa haki wamiliki. Watoa bima waliomba shauri lisikilizwe upya, na Mei 1783 mahakama ya Mansfield ikakubali, kwa kuwa ushahidi ulionyesha kwamba mvua ilikuwa imenyesha na watu wakaendelea kutupwa.

Shauri lile halikuwa la mauaji. Lilikuwa la hasara: je, ilisababishwa na hatari za bahari au na makosa ya nahodha? Hakuna aliyehukumiwa kwa kuua. Hata hivyo, kama watoa bima wangelipa bila ubishi, tukio hilo lingezikwa katika vitabu vya hesabu. Ni kwa sababu dai lilikataliwa na kufikishwa mahakamani ndipo Olaudah Equiano alipopata habari na kumpelekea Granville Sharp, na kesi hiyo ikawa silaha ya harakati za kupinga utumwa. Kwa mwanahistoria, somo ni mawili. Mashauri ya bima ni hazina ya nyaraka, kwa kuwa hulazimisha mambo ya siri yasemwe kwa kiapo. Na lugha ya mkataba, ikiachwa peke yake, inaweza kumgeuza mtu kuwa shehena. Kanuni za bima hazikuwahi kuwa hesabu tupu zisizo na upande.

4.0 Jinsi mizani ilivyoelemea: 1906 hadi 1929

Katika karne ya 19 hukumu za mahakama zilirundikana, na mwaka 1906 Bunge la Uingereza likapitisha Sheria ya Bima ya Bahari, iliyoandikwa na Sir Mackenzie Chalmers. Kifungu cha 17 kiliutaja mkataba wa bima kuwa mkataba wa uaminifu wa hali ya juu, na kusema kwamba upande mmoja usipouzingatia, upande wa pili waweza kuuvunja. Kifungu cha 18 kilimtaka mkata bima afichue kila jambo la msingi analolijua au analopaswa kulijua katika shughuli zake. Jambo la msingi likafafanuliwa kuwa lile ambalo lingeathiri uamuzi wa mtoa bima mwenye busara. Kifungu cha 33 kilirudia kanuni ya De Hahn kuhusu masharti.

Kwa maneno, sheria ilihifadhi usawa wa 1766. Hata ilisema kwamba mambo ambayo mtoa bima ameyaachilia hayahitaji kufichuliwa. Kwa matokeo, usawa uliondoka. Kipimo cha jambo la msingi kilitazama akili ya mtoa bima, si uelewa wa mwenye duka au mwenye meli. Na nafuu iliyotolewa ilikuwa moja tu, yaani kuuvunja mkataba. Nafuu hiyo humfaa anayetaka kuepuka kulipa; haimfai anayetaka kulipwa. Mfanyabiashara ambaye kampuni imemkosea uaminifu angefaidika nini kwa kurudishiwa malipo yake na kubaki bila kinga?

Ingawa sheria ilihusu bahari, mahakama ziliendelea kushikilia kwamba vifungu vyake juu ya kufichua vinaeleza kanuni ya jumla ya bima zote. Kisha zikaja hukumu mbili zilizokamilisha mwelemeo huo.

Ya kwanza ni Dawsons dhidi ya Bonnin (1922). Kampuni ya uchukuzi ya Glasgow iliandika kwenye fomu kwamba lori lake hulazwa katika anwani ya ofisi iliyo mjini. Kwa kweli lilikuwa likilazwa kwenye shamba nje ya mji. Lori likaungua. Malodi walikubali kwamba kosa lile halikuwa la msingi katika kupima hatari. Lakini fomu ilisema majibu yote ndiyo msingi wa mkataba, na kwa kura 3 dhidi ya 2 waliamua kwamba maneno hayo yanatosha: jibu lisilo sahihi, hata liwe dogo, linaangusha mkataba.

Ya pili ni Newsholme Brothers dhidi ya Road Transport and General Insurance (1929). Wakala wa kampuni alijaza fomu kwa niaba ya wenye basi. Waliambiwa maswali, wakajibu ukweli, wakala akaandika mengine, wakatia saini. Mahakama ya Rufani iliamua kwamba katika kujaza fomu, wakala alikuwa akiwaandikia wao, si kampuni. Ujuzi wake haukuhesabiwa kuwa ujuzi wa kampuni iliyomtuma sokoni.

Tukiziweka pamoja hukumu hizi, tunapata mazingira ambayo mfanyabiashara wetu wa vitambaa anayajua vizuri: fomu anayojaziwa na mtu wa kampuni, yenye tamko la mwisho kwamba kila jibu ni msingi wa mkataba.

5.0 Namna kanuni ilivyotufikia

Sheria ya Uingereza iliingia Afrika Mashariki kwa tarehe. Kwa Kenya ni 12 Agosti 1897. Kwa Uganda, 11 Agosti 1902. Kwa Tanganyika, 22 Julai 1920. Sheria za Bunge la Uingereza zenye matumizi ya jumla zilizokuwapo siku hizo, pamoja na kanuni za mahakama zake, zilipewa nguvu katika nchi hizi. Kwa Kenya na Uganda, Sheria ya 1906 ilikuja baada ya tarehe ya kupokea, kwa hiyo haikuingia kwa mlango huo. Kenya iliiingiza kwa hiari yake mwaka 1968, kwa kutunga Sheria ya Bima ya Bahari, Sura ya 390, iliyofuata kwa karibu matini ya Chalmers. Yaani miaka mitano baada ya uhuru, Bunge huru lilinakili mizani iliyokwisha kuelemea.

Jambo hili lina uzito wa kisheria. Hukumu ya 1766 ni ya kale kuliko tarehe zote za kupokea. Hukumu za 1922 na 1929 zilitolewa baada ya tarehe hizo zote. Hata kwa wale wanaosema kwamba tarehe hizo hubana sheria za Bunge tu na si kanuni za mahakama, hukumu za Uingereza katika nchi zilizo huru zina nguvu ya kushawishi, si ya kufunga. Aidha, sheria zetu za upokezi zilikuwa na tahadhari: kanuni za Uingereza zitumike kadiri hali ya nchi na wakazi wake inavyoruhusu, na kwa marekebisho yanayolazimu.

Tahadhari hiyo ilipata tafsiri mashuhuri katika shauri lililotoka Mombasa kwenyewe, Nyali Limited dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Kenya (1955), lililohusu ushuru wa daraja la Nyali. Jaji Denning alifananisha sheria ya Uingereza na mti wa mwaloni: huwezi kuung'oa kwao na kuupanda Afrika ukatarajia uwe vilevile bila kutunzwa na kupogolewa. Wanasheria wa katiba huitaja hukumu hiyo mara nyingi. Wanasheria wa bima nao wana haki ya kuitaja.

Katika bima ya magari, kanuni ilipata mhanga mwingine ambaye si mkata bima. Sheria ya Kenya ya bima ya lazima kwa madhara ya watu wengine, Sura ya 405, huitaka kampuni ilipe hukumu aliyopata majeruhi dhidi ya mwenye gari. Lakini inairuhusu kampuni kuepuka mzigo huo ikipata tamko la mahakama kwamba mkataba ulipatikana kwa kuficha jambo la msingi, mradi ifungue shauri la kutaka tamko hilo ndani ya muda uliowekwa. Abiria au mpita njia hakujaza fomu yoyote. Hakuulizwa wala hakuficha. Bado kosa la fomu linaweza kumfikia.

Upande wa magharibi wa ukanda wetu hali haikuwa nyepesi zaidi. Sheria ya Ubelgiji ya 11 Juni 1874, iliyolea mawazo ya kisheria ya wakoloni wa Kongo, Rwanda na Burundi, nayo ilibatilisha bima kwa sababu ya ukimya au kauli isiyo sahihi, hata pasipo nia mbaya, ikiwa ilipunguza uzito wa hatari machoni pa mtoa bima. Baada ya uhuru, nchi kadhaa ziliweka bima mikononi mwa mashirika ya umma. Kongo iliunda SONAS mwaka 1966. Tanzania ililipa Shirika la Bima la Taifa ukiritimba mwaka 1967, kufuatia Azimio la Arusha. Mwenye bima akawa ni dola, lakini kanuni ya kufichua ikabaki ileile. Soko lilipofunguliwa, Tanzania kwa sheria ya 1996 na Kongo kwa Kanuni ya Bima ya 17 Machi 2015, ushindani ulirudi.

6.0 Walioanzisha wamebadilika

Ufaransa iliacha njia ya yote au hakuna mapema. Sheria yake ya 13 Julai 1930 ilitofautisha kati ya anayedanganya kwa makusudi na anayekosea kwa nia njema. Wa kwanza hupoteza mkataba. Wa pili hupunguziwa fidia kwa uwiano wa malipo aliyotoa na malipo ambayo angepaswa kutoa. Ubelgiji ilifuata mkondo huo kwa sheria ya 25 Juni 1992.

Uingereza ilichelewa. Mwaka 1994, katika Pan Atlantic dhidi ya Pine Top, Malodi waliongeza kigezo kwamba mtoa bima lazima aonyeshe kuwa alishawishika kufunga mkataba kwa sababu ya kosa lile. Kisha Tume za Sheria za Uingereza na Scotland zilianza mapitio mapana mwaka 2006. Matunda yake yakawa sheria mbili. Ile ya 2012, inayohusu watumiaji wa kawaida, iliondoa wajibu wa kujitolea kueleza na kuweka badala yake wajibu wa kuchukua uangalifu wa kutosha katika kujibu maswali. Kazi ya kuuliza ilirudi kwa mtoa bima.

Ile ya 2015 iligusa biashara. Mfanyabiashara bado hutakiwa kueleza hatari yake kwa haki, lakini akitoa taarifa za kumtosha mtoa bima mwenye busara kutambua kwamba anapaswa kuuliza zaidi, ametimiza wajibu. Maneno ya kuifanya fomu kuwa msingi wa mkataba, yale ya Dawsons, yalifutwa nguvu. Nafuu ya kuuvunja mkataba wote ilibaki kwa makosa ya makusudi au ya kutojali, na kwa pale ambapo mtoa bima asingekubali kabisa kubeba hatari ile. Kwa makosa mengine, fidia hupimwa kwa uwiano. Sheria hiyo ilianza kutumika 12 Agosti 2016, siku ileile ya mwaka ambayo Kenya huihesabu kuwa tarehe ya kupokea sheria ya Uingereza. Kilichopokewa 1897 kimeachwa na waliokitoa, miaka 119 kamili baadaye.

Kulikuwa na pengo jingine. Katika Sprung dhidi ya Royal Insurance, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kwamba mwenye kiwanda aliyepoteza biashara yake kwa sababu kampuni ilichelewa kumlipa hakuwa na haki ya fidia kwa ucheleweshaji huo. Pengo hilo lilizibwa na sheria nyingine ya 2016, na tangu 4 Mei 2017 kulipa ndani ya muda wa kutosha ni sharti la mkataba wenyewe.

7.0 Mafunzo kwa sera zetu

Tuseme mfanyabiashara ana mali ya shilingi milioni 60. Alilipia bima shilingi 600,000. Lau kampuni ingejua jambo alilosahau kulitaja, ingetoza shilingi 800,000. Moto unateketeza mali ya shilingi milioni 40. Kwa kanuni ya kale, anapata sufuri. Kwa kanuni ya uwiano, amelipia robo tatu ya hatari, hivyo anapata robo tatu ya hasara: shilingi milioni 30. Kampuni haikupunjwa, kwa kuwa imelipa kadiri ya ilichopokea. Mfanyabiashara ameumia kwa kadiri ya kosa lake, na bado anaweza kulipa wafanyakazi, benki na wauzaji wa jumla wanaomdai.

Upinzani wa makampuni unastahili kusikilizwa. Udanganyifu upo, na gharama yake hubebwa na wakata bima waaminifu. Lakini kanuni ya uwiano haimlindi mdanganyifu. Kwake yeye mlango wa kuuvunja mkataba unabaki wazi. Tofauti ni kwamba kampuni italazimika kuthibitisha kusudi hilo, badala ya kuegemea kosa lolote lililopatikana katika fomu baada ya hasara. Mtoa bima anayechunguza kabla ya kuuza hana cha kuhofia. Anayechunguza baada ya moto tu ndiye aliyezoea kanuni ya kale.

Kutokana na historia hii, mapendekezo manne yanajitokeza. Kwanza, wajibu wa mkata bima uwe ni kujibu kwa uaminifu maswali ya wazi aliyoulizwa, angalau kwa wafanyabiashara wadogo wasio na mawakili wala madalali wa bima. Pili, kosa la nia njema lipimwe kwa uwiano. Tatu, wakala aliyetumwa na kampuni akijaza fomu, ujuzi wake uhesabiwe kuwa wa kampuni. Nne, majeruhi wa ajali asibebeshwe kosa la fomu ya mtu mwingine. Kampuni imlipe, kisha imdai mwenye gari.

Pendekezo la kwanza halikamiliki bila lugha. Swali lisiloeleweka si swali. Mfanyabiashara anayeendesha shughuli zake zote kwa Kiswahili, kisha akatia saini fomu ya Kiingereza au Kifaransa, hajaulizwa kwa maana aliyoikusudia Mansfield. Tanzania mwaka 2021 ilirekebisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki. Hatua inayofuata kimantiki ni fomu ya maombi na hati ya bima kuandikwa kwa lugha hiyo, na iwapo matini mbili zinapingana, ile aliyoisoma mkata bima itawale. Wataalamu wa istilahi wana kazi hapa. Makampuni hutumia maneno kama kinga, dai, ada na sharti kwa maana zinazoyumba kutoka hati moja hadi nyingine, na kuyumba huko ndiko huzaa mashauri.

Soko la pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza uharaka. Shehena inayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Bujumbura au Goma hupita katika familia mbili za sheria. Mfanyabiashara mmoja, mzigo mmoja na kosa moja la fomu huweza kuzaa matokeo tofauti kutegemea mahakama iliyofikiwa. Kuoanisha kanuni ya kufichua ni kazi ndogo kuliko kuoanisha sheria nzima ya mikataba, na mila zote mbili tulizorithi zimekwisha kuelekea mahali pamoja huko zilikotoka.

8.0 Hitimisho

Boehm alishindwa mwaka 1766 kwa sababu alikuwa na nafasi ya kuuliza akakaa kimya. Katika miaka mia moja na nusu iliyofuata, sheria ilimsahau Boehm ikamkumbuka gavana tu, na kwa sura hiyo ikavuka bahari kutufikia. Waliotupatia wameisahihisha. Sisi tumebaki tukiilinda kama mali ya urithi, ilhali tahadhari ya kuipogoa iliandikwa katika sheria zilezile zilizoileta.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Katika sheria ya bima, kuuliza ni wajibu, na historia inaonyesha ni wajibu wa nani. Anayeuza kinga anajua mambo yanayomtia hofu. Anayeinunua mara nyingi hayajui. Bunge lolote la ukanda huu likitaka kuanza mahali pa wazi, na lianze na fomu ya maombi: maswali machache, yaliyo wazi, kwa lugha ya anayeulizwa, na jibu lake lipimwe kwa kadiri ya kosa, wala si kwa ukubwa wa hasara.